Kamera mpya, programu ya zamani inagoma: nigeuze picha zote kuwa DNG?

mpiga_wa_moro

Wakuu salaam.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na vipaimara hapa Morogoro, mwaka wa tisa huu. Mwezi uliopita nimejipindapinda nikabadilisha kamera. Chapa sitaji, maana humu ndani ukitaja tu uzi unageuka Simba na Yanga. Jumamosi nikapiga nayo sendofu, nimerudi saa saba usiku, nachomeka kadi kwenye kompyuta: picha 1,140 zipo, programu ya kuhariri haifungui hata moja. Inasema haitambui aina hii ya faili. Programu yenyewe ni ile niliyonunua mara moja miaka hiyo, siyo hizi za kulipia kila mwezi. Kamera ya zamani ni ya kampuni hiyohiyo, na faili zake hadi leo zinafunguka kama kawaida.

Nimepiga faili ghafi (RAW) tupu, sikuweka JPEG pembeni. Najua, msinichambe.

Naomba kueleweshwa. Kwa nini kampuni moja ibadilishe aina ya faili kutoka kamera hadi kamera? Kuna jamaa kaniambia nigeuze zote ziwe DNG, ule muundo wa faili ghafi wa kampuni ya Adobe, halafu nifute za mwanzo niokoe nafasi, je, ni salama? Na kama DNG ni nzuri hivyo, mbona kamera haitoi DNG yenyewe?

Bibi harusi anataka picha Ijumaa. Nawasilisha.

kibodi_mbovu

Nimekaa hapa na karanga zangu. Mimi yalinikuta, nikahamia JPEG hadi leo.

fundi_lenzi

Mkuu, kabla ya yote usiiguse hiyo kadi. Nakili kila kitu kwenye diski, kisha kadi iweke kabatini mpaka bibi harusi akushukuru.

Sasa pakua kigeuzi cha DNG cha Adobe, ni cha bure. Chukua toleo jipya kabisa, maana la zamani nalo halitaijua kamera yako. Kwenye mipangilio yake kuna mahali pa kuchagua DNG isomeke na matoleo ya zamani kiasi gani. Chagua linaloendana na programu yako. Usiweke tiki kwenye ubanaji unaopoteza data. Jaribu na picha tano kwanza, siyo 1,140 usiku wa manane.

Njia ya pili ni programu ya kampuni yenyewe. Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge Desktop, zote bure. Ni nzito kama gunia la mkaa lakini rangi ni zilezile za kamera. Rekebisha humo, toa TIFF za biti 16, malizia kwenye programu yako.

mzee_wa_chumba_cha_giza

Nimekuwa kwenye kazi hii tangu tunaosha filamu kwa ndoo pale Tanga, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kijana, faili ghafi bado haijawa picha. Juu ya kihisi cha kamera, yaani ile sensa inayopokea mwanga, kuna kichujio cha rangi, kila nukta (pikseli) inaona rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. Wazo hilo ni la Bryce Bayer wa Kodak, hataza (patenti) yake ni ya 1976. Programu ndiyo inayokisia rangi mbili zilizokosekana kwenye kila nukta. Ili ikisie sawasawa lazima ijue kihisi hicho: weusi wake unaanzia wapi, wekundu wake ukoje, mwanga wa taa kinausomaje. Kwa hiyo usidanganyike na herufi za mwisho za jina la faili. NEF, faili ghafi ya Nikon, ipo tangu kamera ya D1 ya 1999, lakini NEF ya leo ni mtu mwingine mwenye jina la babu yake. Hata kampuni yako isingebadilisha chochote kwenye jina, programu ya zamani bado ingegoma, kwa sababu haijawahi kukutana na kihisi hicho.

Hapo ndipo ujanja wa DNG ulipo. Adobe waliitoa Septemba 2004, wakaweka maelezo yake hadharani mtu yeyote ayatumie bila malipo. Maelezo ya rangi ya kihisi yanasafiri ndani ya faili lenyewe. Programu yako haihitaji kuifahamu kamera, inasoma barua ya utambulisho aliyokuja nayo mgeni.

Kwa nini wakubwa hawaitumii? Kasi ni sababu moja. Chukua Nikon Z9 ya 2021: nukta milioni 45, biti 14 kila moja, hiyo ni kama megabaiti 80 kwa picha kabla ya kubanwa, na inapiga picha ghafi 20 kwa sekunde. Mhandisi hapo hawazi programu yako ya Morogoro, anawaza mzigo utapitaje mlangoni. Wakachukua teknolojia ya kubana ya intoPIX, kampuni ya Ubelgiji, wakaiingiza kwenye NEF. Canon nao 2018, kwenye EOS M50, waliachana na CR2, faili yao ghafi ya awali iliyojengwa juu ya TIFF, wakaja na CR3, ambayo kasha lake ni la ukoo mmoja na MP4 za video. Ndani yake wakaweka na chaguo la faili ndogo zaidi. Ukiwa na muundo wako mwenyewe, huombi ruhusa kwa mtu siku unapotaka kuubadilisha.

Sababu nyingine ni ubabe, tuseme ukweli. Mwaka 2005 ilibainika kwamba kamera ya Nikon D2X inaficha kwa msimbo taarifa ya weupe, yaani ile inayosema mwanga ulikuwa wa jua au wa taa. Thomas Knoll, mmoja wa waliotengeneza Photoshop, alilalamika hadharani. Watu wakaufungua msimbo kwa muda mfupi. Tangu 1997 kuna mtu anaitwa Dave Coffin aliyekuwa akifungua faili za kamera moja baada ya nyingine na kugawa bure programu yake, dcraw. Mkubwa anajua kwamba hata asipotoa maelezo, wenye programu watamfuata kwa miguu yao, kwa sababu wateja wake ni wengi.

Mdogo hana anasa hiyo. Leica M8 ya 2006 ilitoka na DNG, na ndani ya boksi mkawa na programu ya kuhariri, Capture One ya Wadenmark. M9 ya 2009 wakaweka Lightroom ya Adobe. Hawakujisumbua kujenga programu yao. Pentax K10D, 2006 hiyohiyo, ilimwachia mwenye kamera achague: PEF yao au DNG.

mpiga_wa_moro

Shikamoo mzee. Hiyo ya barua ya utambulisho nimeielewa kuliko video zote nilizotazama. Nimejaribu picha tano kama alivyosema fundi, zimefunguka! Zinaendelea kugeuzwa, feni ya kompyuta inalia kama mashine ya kusaga.

shabiki_wa_dng

Si unaona! Geuza zote, futa za mwanzo, maisha yaendelee. Mimi nimefanya hivyo miaka sita, na nafasi inapungua kweli.

dada_shata

Hapana kaka, usimpoteze mwenzio. Mimi nahariri picha za bidhaa hapa Nairobi na kosa hilo nililifanya. DNG iliyogeuzwa hairudi kuwa faili ya mwanzo, na ile programu ya kampuni haiifungui. NX Studio haitaki, Digital Photo Professional haitaki. Mteja alikuja baada ya miaka miwili akitaka rangi zilezile za katalogi ya kwanza, nikabaki naangalia diski. Halafu nafasi unayoiokoa siku hizi ni kidogo, hasa kama kamera yako tayari inabana faili.

Na usidhani programu ya kampuni nayo ni ya milele. Nikon waliwahi kuuza Capture NX, ndani yake kukiwa na vile vidhibiti vya nukta kutoka Nik Software: unabonyeza uso, unaung'arisha, shingo haiguswi. Watu walivipenda mno. 2012 Google wakainunua Nik. 2014 Nikon wakatoa Capture NX-D, ya bure, na vidhibiti havimo. Kazi ya miaka iliyohaririwa kwa vile vidhibiti ikabaki kwenye programu iliyoachwa. Vilirudi baadaye, lakini hebu fikiria kusubiri miaka yote hiyo. Aliyekuwa na faili za mwanzo bado alikuwa na pa kuanzia.

mzee_wa_chumba_cha_giza

Marahaba kijana. Dada anasema kweli. Na mtazame ilivyo hatari kumtegemea fundi wa nje: Nikon hawakumiliki kile walichokuwa wanakiuza. Fujifilm na Panasonic nao kwa muda mrefu waliwapa wateja toleo la Silkypix, kazi ya Ichikawa Soft Laboratory ya huko Japani. Ni nafuu kuliko kuajiri jeshi la waandishi wa programu. Kampuni ya kamera inajua vioo na vihisi. Programu kwake ni mtoto wa kambo.

Fujifilm ndio walinifurahisha 2017 walipotoa X Raw Studio. Unachomeka kamera kwa waya, na prosesa ya kamera ndiyo inayochakata picha badala ya kompyuta. Rangi zinatoka zilezile, na kompyuta mbovu kama yangu inapumzika.

penguini_wa_mbezi

Sisi wa programu huria tulisubiri zaidi. CR3 imetoka 2018, darktable, programu yetu ya kuhariri, imeanza kuisoma toleo la 3.8, Desemba 2021. Kwenye miaka hiyo mitatu DNG ndiyo iliyotulisha.

Nyongeza kwa mzee: Sigma. Kamera zao za kihisi cha Foveon, kinachoona rangi zote tatu kila nukta, kwa muda mrefu zilitoa faili ghafi za X3F, na mara nyingi ukabaki na Sigma Photo Pro, programu ya kukufundisha subira kuliko mfungo. Kamera yao ya fp, 2019, ikatoka na DNG. Hakuna aliyewalazimisha, nadhani walichoka kuulizwa.

mpiga_wa_moro

Wakuu nimerudi. Zote 1,140 zimegeuka, za mwanzo sijafuta. Tatizo jipya: ngozi ya bibi harusi kwenye skrini ya kamera ilikuwa nzuri, kwenye kompyuta imekuwa ya kijivujivu, na zile taa za zambarau za ukumbini zimezidi. Kigeuzi kimeharibu?

fundi_lenzi

Hakijaharibu. Uliyoiona kwenye skrini ya kamera ni JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili, imepikwa kwa mapishi ya kiwanda. Ukifungua DNG unaona mapishi ya Adobe. Viungo ni vilevile, mpishi kabadilika.

Tafuta picha moja ambayo gauni linaonekana vizuri, chukua weupe hapo, siyo kwenye kitambaa cha meza kilichopigwa na zambarau. Shusha ukolezi wa zambarau peke yake. Hifadhi kama mpangilio, mwagia picha zote za ukumbi ule. Zenye mwanga mwingine zitengenezee mpangilio wake. Na zile kumi za albamu, zile za ukuta wa sebuleni, zifanye kwa programu ya kampuni kutoka faili za mwanzo.

dada_shata

Na washa JPEG pembeni kuanzia harusi ijayo. Hatukuchambi, tunakukumbusha tu.

mpiga_wa_moro

Nimewasha. Gauni limekubali, ngozi imerudi. Naanza na 60 za kwanza, mama mzazi kashapiga simu mara tatu tangu asubuhi.