Flint Hills Trail kwa vipande: tuanzie Osawatomie au Council Grove?

Nyayo_KC: Wakuu, habari. Mimi na mke wangu tunataka kuimaliza Flint Hills Trail, njia ya matembezi ya miguu hapa Kansas, Marekani, kwa vipande. Ni kama kilomita 190 na kazi zetu ni za zamu, kwa hiyo tutakwenda Jumamosi moja moja kuanzia Julai. Kuna wanaosema tuanzie Osawatomie kwenda Ottawa, wengine Council Grove. Ipi kwanza?

MamaTopeka: Kwa Julai, kaka, Osawatomie. Njia inafuatana na mto Marais des Cygnes na miti inawapa kivuli. Kufika Ottawa ni takriban kilomita 30, igaweni mara mbili, Rantoul iwe katikati. Miguu haitawasumbua kwa miinuko: ilikuwa reli ya Missouri Pacific, na treni haipandi mlima mkali.

BabaPendo: Kivuli ni kweli, dada, lakini mtu anayetamani nyasi hataridhika huko. Nyasi ndefu za asili zimebaki chini ya asilimia 4 Amerika Kaskazini nzima, na nyingi ziko Flint Hills. Udongo wake ni mwembamba, chini ni chokaa na gumegume, plau ikashindwa, watu wakafuga ng'ombe. Nenda Council Grove mwishoni mwa Septemba au Oktoba uone nyasi ya big bluestem imempita mtu mrefu kwa kimo na kugeuka rangi ya shaba. Upepo ukipita humo, utasimama tu utazame.

Tena, ukitoka mjini kuelekea mashariki, si mbali, njia inapita kwenye ardhi ya taifa la Kaw, wenyeji wa asili ambao Kansas imepata jina lake kwao. Walihamishwa mwaka 1873 kupelekwa Oklahoma ya leo. Baadaye sana waliinunua sehemu hiyo wenyewe. Msipite pale mbiombio.

MamaTopeka: Sikatai uzuri wake. Ninachopinga ni kumpeleka mtu huko Julai, jua la saa nane, hakuna hata mti wa kujiegemeza.

Ndugu_wa_Goma: Nakubaliana na mama. Na masika yao nayo yana jambo lake: Machi na Aprili wafugaji huchoma nyasi, vichaka visizidi na majani mapya yachipue kwa ng'ombe. Moshi unatanda. Mwenye pumu asiende.

Kuhusu usafiri, msitegemee basi. Mkiwa na magari mawili, moja litangulie mwisho wa kipande. Mkiwa na moja, nendeni nusu mgeuke. Maji bebeni ya kutosha kutoka mjini, na jioni kagueni kupe hadi nyuma ya magoti.

Nyayo_KC: Asanteni sana. Mke wangu ana pumu, kwa hiyo masika tumeyafuta. Julai Osawatomie hadi Rantoul, Oktoba Council Grove. BabaPendo, ardhi ya Kaw tutaitengea asubuhi nzima.

BabaPendo: Hapo sawa. Gari liacheni Council Grove, maji mjaze hapo hapo.