Bawa la korongo wangu limevunjika begani, naomba mawazo

mchongaji_bwy: Habarini wakuu. Huu ni mwezi wa tatu natengeneza sanamu ya korongo wa kuning'iniza, mabawa mita nne ukiyatandaza. Si ya kupanda mtu, mke wangu ameshanicheka ya kutosha. Ni sanaa tu, ila nataka apige mabawa ukivuta kamba. Mifupa ni mianzi, nguo ni marikani, nimeipigilia misumari pande zote ikakaza kama ngoma. Jumamosi nikamtoa pwani kumjaribu. Kusi likavuma mara moja tu, bawa la kushoto kah! Watoto walishangilia sana. Sasa niweke mwanzi mnene zaidi? Nikiweka, uzito unazidi, kamba haivutiki.

kelele_za_feri: Akifika Unguja nishtue, nauli imepanda.

mjukuu_wa_nahodha: Pole kaka. Usiongeze unene. Wewe umetengeneza mlango. Mtazame kunguru, hapo soko la samaki wamejaa: bawa lake ni gumu mbele, nyuma manyoya matupu. Likishuka, nyuma kunalegea, bawa linajipinda, ndipo linamsukuma mbele. Tanga la jahazi ni hivyo hivyo. Limefungwa kwenye foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, nyuma liko huru, linashikwa na demani tu, kamba ya pembe ya nyuma. Ng'oa misumari ya nyuma. Na foromali yenyewe huwa nyembamba nchani, ili ipinde isivunjike. Begani usiunge. Tafuta tawi lililoota limepinda, kama mafundi wa majahazi wanavyotafuta mataruma, mbavu za chombo.

sanaa_na_chai: Naongezea. Kuna msanii Mrusi, Vladimir Tatlin, aliyewahi kuwa baharia, alitengeneza chombo cha kupaa kwa nguvu za misuli ya mtu. Alikiita Letatlin, neno la Kirusi la kuruka likaunganishwa na jina lake. Mbao zilizopindwa, hariri, mfupa wa nyangumi. Kilionyeshwa Moscow mwaka 1932. Hakikuruka, lakini kwa uzuri ni balaa. Tafuta picha zake uone mbavu za mabawa.

mchongaji_bwy: Nimeziona, nimekaa kimya nusu saa. Mjukuu wa nahodha, shikamoo hata kama ni mdogo kwangu. Misumari nimeng'oa, tawi nimepata la mwembe. Jana kapiga mabawa mara kumi na moja, kisha kamba ikakatika. Ya katani, nilibana matumizi. Hapa mjini ya nailoni nyembamba naipata wapi?