Wazazi wa Walukuba (Jinja, Uganda): vitabu vya watoto vimefika

*Ijumaa*

[17:42] Dada Halima (maktaba): Wazazi wa Walukuba, habari za jioni. Yale maboksi mawili tumeyafungua leo. Vitabu 63, vyote vya watoto, vyote vipya. 24 ni vya Kiswahili, 17 vya Kiganda na Kisoga, vilivyobaki vya Kiingereza.

[17:44] Dada Halima: Vingi ni vya wanaoanza kusoma: picha ukurasa mzima, chini yake sentensi moja au mbili. Vya P5 (darasa la tano) kwenda juu, vile vyenye sura, ni tisa tu. Kesho tunafungua saa nane mchana.

[17:51] Mama Shamimu: Alhamdulillahi. Dada, mtoto ataruhusiwa kwenda nacho nyumbani, au ni kusomea mezani kama zamani?

[17:52] Dada Halima: Hilo ndilo nataka tulimalize hapa usiku huu. Kamati haijakubaliana.

[18:03] Baba Opio (mweka hazina): Mimi niseme wazi. Tumehangaika sana kuvipata. Vile 30 vya kwanza tuliviazimisha, vikarudi 19. Kimoja nilikikuta sokoni, mama anafungia karanga, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Niliumia sana. Naomba kabati na kufuli, watoto wasomee palepale Jumatano na Jumamosi.

[18:05] Kaka Isma (boda): Una haki ya kuumia Baba Opio. Pesa ile tulichanga wote.

[18:21] Mwalimu Nekesa: Baba Opio, nakuheshimu, najua jasho lako limo ndani ya maboksi hayo. Ila nikueleze nilichokiona. Shule niliyosoma mimi, mbali na hapa, ilikuwa na kabati la vitabu ofisini kwa mwalimu mkuu. La mbao, kioo mbele, kufuli ya shaba. Tukitumwa chaki tunaiona migongo ya vitabu, nyekundu, kijani, manjano. Nimekaa pale miaka saba, P1 mpaka P7, sikugusa hata kimoja. Wakaguzi wakija, kabati linapanguswa vumbi.

[18:24] Mwalimu Nekesa: Nilirudi baadaye kwa mafunzo ya ualimu, nikaomba ufunguo. Kitabu cha kwanza nilichokivuta, jalada likabaki mkononi. Ndani mchwa wamekula, wameacha udongo. Rafu ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Na hakuna mtoto aliyewahi kuchana hata ukurasa mmoja wa vitabu vile. Nililia pale, mtu mzima.

[18:26] Mama Shamimu: Pole Mwalimu.

[18:31] Mama Shamimu: Mimi nieleze ya kwangu. Shamimu yuko P2. Anasoma kila kilichoandikwa: mfuko wa unga, kopo la majani ya chai, kalenda ya mwaka juzi. Nyumbani hatuna kitabu zaidi ya msahafu na madaftari yake. Jumamosi mimi niko kwenye kibanda changu cha nyanya, yeye ndiye anayemshika mdogo wake. Mkisema ni kusomea palepale tu, basi vitabu hivyo si vyake. Atavisikia kwa wenzake.

[18:32] Kaka Isma: Hilo sikuwa nimelifikiria.

[18:40] Mwalimu Nekesa: Na wako wengi kama Shamimu. Mkumbuke pia suala la lugha. Tangu 2007 mtaala unasema P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Sasa darasa langu lina Wasoga, Waganda, Wasamia, Wateso, Walugbara, Wanubi. Nyumbani ni kwa nani? Ndiyo maana shule za mjini zinaanza na Kiingereza moja kwa moja. Mtoto anatamka sentensi nzima bila kosa, ukimuuliza maana anakutazama tu. Kengele ikilia wakatoka uwanjani, haohao wanagombana, wanapatana na kuhesabu mabao kwa Kiswahili. Kitabu cha Kiswahili wanakijua kabla ya kukifungua. Akikwama kwenye neno, picha inamshika mkono, na sikio lake linamwambia amepatia.

[18:58] Mzee Ramadhani: Assalaam aleikum wote. Nimesomewa ujumbe wenu na mjukuu, na yeye ndiye anaandika haya ninayosema. Mimi nilifika Jinja 1974 kufanya kazi kiwandani. Mwaka uliotangulia Amin alikuwa ametangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Sisi kwenye mashine hatukungoja tangazo. Msoga, Mteso, Mlugbara, wote zamu moja ya usiku, mngesemeshana kwa nini kingine?

[19:02] Mzee Ramadhani: Lakini marehemu mke wangu alikuwa Mganda wa Luweero. Yeye Kiswahili alikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kwa mtu mwenye bunduki. Miaka mingi, nikimwita kwa Kiswahili nikiwa nyuma yake, anashtuka. Leo mjukuu amenionyesha zile picha za majalada alizotuma Dada Halima. Kuku, mtumbwi, mtoto na bibi yake. Maneno ya Kiswahili yaleyale, ya upole. Nilitamani angekuwepo akaona.

[19:03] Mama Shamimu: 🙏 Mungu amrehemu, Mzee.

[19:06] Mzee Ramadhani: Amina. Ombi langu ni moja. Macho yangu hayashiki tena herufi, na kutembea mpaka maktaba siwezi. Mtoto akija nacho nyumbani, yeye asome, mimi nisikilize. Akikosea nitamrekebisha.

[19:20] Baba Opio: Mzee, nimekusikia. Mama Shamimu, nimekusikia. Lakini bado nauliza, kikichanika nani analipa? Tuweke faini basi, shilingi 5,000.

[19:27] Dada Halima: Baba, faini hapana, nakuomba. Mwaka jana kuna mtoto aliacha kuja. Msomaji mzuri kuliko wote. Nikimwona kwenye bomba la maji ananikimbia. Nikaenda kwao polepole, nikakaa na mama yake, tukaongea mengine. Mwisho mtoto akakitoa kitabu chini ya godoro. Mdogo wake alikuwa amechana ukurasa, na yeye alisikia mahali kwamba mama atalipishwa. Miezi mitatu hakusoma. Ukurasa ule tuliubandika kwa gundi, dakika mbili ukawa tayari.

[19:28] Dada Halima: Mama anayeuza nyanya ukimtoza 5,000 hatakileta kitabu, na mtoto hatamleta tena.

[19:34] Kaka Isma: Tuvilinde kabla havijaharibika. Ninayo roli ya ile plastiki ngumu ya kufunikia madaftari, nusu yake imebaki. Kesho saa nne niko hapo, tuvivishe vyote 63. Na kila mtoto aje na kaveera, mfuko wa plastiki, mvua ya ziwani ikimkuta njiani kitabu kisilowe.

[19:36] Mwalimu Nekesa: Nitakuja na mikasi na watoto wawili wa P6.

[19:45] Dada Halima: Asanteni. Na kikipotea kile cha wadogo kabisa, hatutakaa mikono mitupu. Kwenye intaneti kuna mkusanyo wa African Storybook, hadithi fupi zenye picha, za bure, kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingi za Afrika. Leseni yake inakuruhusu kuchapa na kugawa. Zimepangwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi zile ambazo mkubwa anamsomea mtoto kwa sauti. Tunakwenda kwa mtu wa fotokopi, tunachapa, tunabana pini. Rangi hazitakuwepo, hadithi itakuwepo.

[20:10] Baba Opio: Nimeongea na mama Opio hapa. Sawa. Kitabu kimoja, wiki moja. Mkubwa wa nyumbani atie sahihi kwenye daftari, asiyeandika aweke dole gumba, na asiaibishwe mtu. Kikichanika kirudi hivyohivyo, tutakaa kuvibandika kila mwisho wa mwezi, na gundi nitanunua mimi. Kufuli liwe la usiku tu.

[20:11] Dada Halima: Mungu akubariki Baba Opio.

[20:12] Mama Shamimu: Nitafunga kibanda saa saba nije kutia sahihi mwenyewe.

*Jumamosi*

[18:37] Dada Halima: Vimetoka 41. Vya Kiswahili vimebaki viwili. Kuna binti alikaa kwenye ngazi akasoma vitatu ndiyo akachagua cha kwenda nacho. Mvulana mmoja kutoka Masese alitaka kile cha samaki tu, amsomee baba yake kabla hajaingia ziwani usiku. Vile tisa vya wakubwa viliisha nusu saa ya kwanza, tunahitaji vingine kama hivyo. Wa P6 wamerudi mikono mitupu na sikupenda kabisa.

[18:44] Mwalimu Nekesa: Wazazi, mtoto akirudia kitabu kilekile mara kumi msimkataze. Mara ya kwanza anatafuta maneno, mara ya tano anasikia hadithi. Na msimkatize kila anapokosea, mngojeni amalize sentensi, mara nyingi anajirekebisha mwenyewe.

*Jumapili*

[16:15] Mama Shamimu: Mwalimu, nimefanya ulivyosema, nimengoja. Shamimu kafika ukurasa wa nne akasimama. Imeandikwa kiboko akatoka majini. Ananiuliza, "Mama, fimbo inatokaje majini?" Neno hilo analijua kwa kuchapwa tu! Mnyama mwenyewe nyumbani tunamwita envubu.

[16:19] Mwalimu Nekesa: Na picha?

[16:20] Mama Shamimu: Ndiyo iliyomwokoa. Katazama picha, katazama neno, karudi kwenye picha. Halafu kacheka mpaka mdogo wake akaamka.

[16:33] Mzee Ramadhani: Zamani fimbo ile ilikatwa kwenye ngozi ya mnyama huyo, ndiyo ikachukua jina lake. Mlete jioni anisomee, nimweleze mwenyewe.

[19:35] Mama Shamimu: Ametoka kwa Mzee sasa hivi. Amemsomea mara mbili, bila kukwama. Njiani anataka kujua kama kifaru nacho kina maana nyingine.

[19:41] Mzee Ramadhani: Kinayo. Hiyo nitamweleza akikua kidogo.

[19:50] Baba Opio: Dada Halima, hicho cha kiboko nani anakifuata? Opio amesikia, hataki kulala.

[19:52] Dada Halima: Kinarudi Jumamosi. Kuna watoto wawili mbele yake, nimemwandika wa tatu. Ila kuna kile cha mtumbwi, hakijachukuliwa. Mlete kesho akitoka shule, nitakuwa nafagia.