Shule ikifeli, kumvua mwalimu mkuu madaraka kunasaidia nini?

Wakuu habari za jioni. Kuna mwenzetu kasema shule ya msingi ikishika mkia miaka miwili mfululizo mwalimu mkuu avuliwe madaraka, na naona wengi mnamuunga mkono. Mi napinga kabisa.

Huyo mwalimu mkuu wa shule ya serikali hapa Tanzania haajiri wala hafukuzi. Shule ziko chini ya TAMISEMI (ofisi ya serikali za mitaa), mtihani ni wa NECTA (baraza la mitihani), nidhamu ya walimu iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, ruzuku yenyewe ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Mtoto wa dada yangu anasoma huku Mbagala, Dar es Salaam, wanaingia kwa zamu mbili, darasani wako mia na kitu, na asubuhi makonda wanawaacha kituoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ndogo, sasa mtoto kafika saa tatu somo la kwanza limeshapita, hilo nalo ni kosa la mwalimu mkuu? Shule ni mfumo jamani, na mfumo haukomi getini, daladala imo, chakula cha nyumbani kimo.

Kuna msomi wa Marekani, Karl Weick, aliandika mwaka 1976 kwamba sehemu za shule zimeungana kwa kulegea, yaani ofisi inaweza kuamua hiki na darasani kikaendelea kile. Ukifikiria ni kweli, waraka unakuja, unabandikwa ubaoni, mwalimu anafunga mlango anafundisha alivyozoea. Ndo maana unabadilisha mkuu na hamna kinachobadilika, ila kulegea huko huko ndo kunamlinda mwalimu mzuri asiharibiwe na mkuu mbovu.

Halafu mrejesho. La saba wanafanya mtihani Septemba, majibu yanatoka mtoto keshaondoka, hayamsaidii tena. Upimaji wa darasa la nne upo, ila mzazi gani aliitwa akaelezwa mwanae kakwama kwenye kusoma au hesabu?

Mtasema mbona kuna shule mazingira hayo hayo zinafaulu kisa mkuu mkali. Sikatai, mkuu anayezunguka madarasani ana tofauti kubwa. Basi mpeni kwanza sauti kwenye uhamisho wa walimu wake ndo mumpime.

Waliowahi kukaa kamati ya shule mje, kikao chenu cha mwisho mliamua nini kikafika mpaka darasani?