Tupeane uzoefu: taa ya kamera ya laptopu inajiwasha yenyewe, wewe ulimkuta nani?

Mgebuka Mkavu
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma hapa Mwanga, mashine yangu ni ya mtumba ila ya kisasa kidogo, Windows 11. Nikiwa nimetulia zangu napiga hesabu za mzigo wa dagaa, hamna Zoom hamna WhatsApp, ile taa ya kamera juu ya kioo inawaka, inakaa kidogo inazima. Nikiinuka kufata chai, nikirudi ndo inawaka tena. Mama watoto kashanipa kitambaa cha kuifunikia. Mtaani kila mtu ana lake, huyu anasema virusi, yule anasema fomati, mwingine anasema nimeuziwa mashine ya wizi na mwenyewe ananitafuta. Sasa waliokutwa na hili waseme ilikuwaje na hasa mlimjuaje anayeiwasha, maana kufunika naweza, ninachotaka ni kumjua.

Mtoto wa Isevya
Mkuu usifomati kwanza. Mimi nafundisha sekondari huku Tabora, za kwangu zilikuwa taa nyekundu, zinapepesa kama macho ya paka gizani, tena mashine ikiwa imejifunga, hata pasiwedi sijaweka. Staff room wakaanza kuniombea kabisa. Kumbe pale juu kuna kamera ya pili ya infraredi, kazi yake ni kufungua mashine kwa sura, wenyewe wanaiita Windows Hello. Mwanga wake jicho haliuoni vizuri, unabaki ule wekundu hafifu. Nikaingia Settings, Accounts, Sign-in options, nikatoa sura nikabaki na PIN, zikanyamaza. Yako rangi gani?

Mgebuka Mkavu
Nyeupe, na inawaka nikiwa nimeshaingia kabisa natumia.

Dada wa Kasulu
Basi siyo hiyo. Mimi vikao vyangu vyote ni Google Meet, na kila asubuhi nikifungua Chrome taa pwaa, mtu hata kanga ya kulalia hajabadili, nikajua mabosi wananichungulia. Kumbe Chrome ilikuwa na setingi ya kuendelea pale ulipoishia, inafufua kurasa zote za jana na mmojawapo ni wa Meet, na Meet kabla hujajiunga inakuwashia kamera ujitazame. Ukurasa unaotumia kamera unawekewa alama nyekundu pale juu. Ruhusa unaitoa kwenye kile kialama kilicho kushoto mwa anwani ya tovuti.

Fundi Ng'ambo
Wanaoniletea hili tatizo sio wachache na wengi wanakuja wameshaambiwa fomati, inaniudhi sana hii. Mimi naanzia Settings, Privacy & security, Camera, halafu nashuka mpaka chini. Windows inaandika pale programu iliyotumia kamera na saa iliyoitumia mara ya mwisho, na kama inaitumia muda huo huo inaandika Currently in use. Taa ikiwaka tazama saa, nenda kalinganishe. Programu kama Chrome zipo kwenye sehemu ya desktop apps chini kabisa, watu hawafiki huko wanaishia juu wanasema hamna kitu.

Kuna kijana aliniletea yake inawaka usiku. Orodhani nikakuta svchost. Jina la Windows kweli hilo, ila la kweli makazi yake ni System32, folda ya Windows yenyewe, na lile nilivyolifata kwa Task Manager, Open file location, likanipeleka AppData, pale programu zinapoweka vitu vyake kwenye folda ya kijana mwenyewe. Nikamuuliza umeweka nini karibuni, anasema Office ya bure kutoka fleshi ya rafiki yake, zile zinazokuambia zima kwanza antivairasi. Kucheki Exclusions za Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe, diski C nzima imeandikwa isikaguliwe! Hapo ndo nafomati bila huruma. Nakata waifai kwanza, nakopi picha na dokumenti tu, programu hata moja haitoki, Windows mpya naiweka kwa fleshi iliyotengenezwa kwenye mashine nyingine, na pasiwedi za imeili na za pesa anabadilisha kwa simu.

Halafu kuna ambayo haina mdudu wala mtu. Kamera ya ndani ni kifaa cha USB, waya wake unapita kwenye bawaba pamoja na waya wa kioo, mashine ikishafunguliwa na kufungwa miaka huo waya unaanza kukatika. Tikisa kioo taratibu, ukisikia ule mlio wa kifaa kuchomoka na kuchomekwa, ni waya.

Kibirizi Yetu
Mimi nimebandika plasta nimemaliza. Zuckerberg mwenyewe, yule wa Facebook, 2016 alionekana kwenye picha kaziba ya kwake, mimi ni nani?

Dada wa Kasulu
Plasta inaziba macho, maiki bado inasikiliza kaka. Na wenye MacBook msibandike vitu vinene, Apple walionya 2020 kwamba ukiifunga na kifuniko cha kamera kioo kinaweza kupasuka.

Mtoto wa Isevya
Na hilo la kutafutwa msilicheke. Pennsylvania kule Marekani, 2010, wilaya ya shule ya Lower Merion iliwapa wanafunzi laptopu zenye programu ya kusaka mashine zilizoibwa, ikawa inapiga picha kwa kamera hadi watoto wakiwa nyumbani kwao. Walilipa dola 610,000 kumaliza kesi. Mgebuka angalia Settings, Accounts, Access work or school, ukikuta jina la ofisi ya watu ujue mashine bado iko mikononi mwao, mrudishie aliyekuuzia. Fundi nawe, yule kijana ungempigia picha ushahidi kabla ya kufuta. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, sasa akienda polisi na mashine nyeupeee ataonyesha nini?

Fundi Ng'ambo
Hapo umesema kweli mwalimu.

Mgebuka Mkavu
Wakuu nimemkamata. Access work or school hamna kitu. Ila kwenye orodha ya Camera saa imelingana kabisa na programu moja iliyokuja na mashine, inafuatilia uso, ukiinuka inapunguza mwanga wa kioo ukirudi inakurudishia. Kumbe ndo ile habari ya chai! Nimeing'oa kwenye Installed apps, tangu jana taa kimya, na kitambaa nimemrudishia mwenyewe. Sasa Fundi umeniletea balaa lingine, nimetikisa kioo na ule mlio umelia. Waya unaweza kunitumia kwa treni?

Fundi Ng'ambo
Geuza mashine chini unitumie namba ya modeli yote kama ilivyo, na useme kioo ni cha kugusa au cha kawaida, waya zake haziingiliani. Bei njoo inbox.