Msaada: kiduara chenye mshale kwenye bodi ya injini ya pikipiki kinasomwaje?

Kijana wa Tandika: Wakuu habari za jioni. Nataka kuchukua pikipiki ya mkononi. Kwenye bodi ya injini, chini ya grisi, nimekuta kiduara ukubwa wa kifungo cha shati. Pembeni kina namba 1 mpaka 12, katikati mshale umeelekea 7, kushoto kwa mshale kuna 2, kulia 1. Ndiyo nini? Natanguliza shukrani.

Fundi Temeke: Tarehe ya kumimina aluminiamu kwenye kalibu. Mshale ni mwezi, tarakimu mbili ni mwaka: Julai 2021. Ni umri wa kipande hicho tu, maana bodi inaweza kukaa ghalani miezi kabla ya kufungwa. Kadi ya usajili wa pikipiki inasema mwaka gani?

Kijana wa Tandika: Asante fundi, nimeelewa.

Mama Junior: Mwanangu achana na pikipiki. Mdogo wangu ana vyuma mguuni mpaka leo.

Mzaramo: 2016 niliuziwa silinda kwenye duka la vipuri mtaa wa Gerezani, Dar, "mpya, boksini". Kufika nyumbani tarakimu za kiduara zinasoma 09! Kurudi, fremu ile ya duka inauza vyombo.

Fundi Temeke: Kijana, kadi.

Kijana wa Tandika: Kadi ni 2018. Na namba ya injini imekwanguka kidogo, muuzaji anasema kutu. Ila ni shemeji yangu, na nimeshampa laki nane. Bei ni nzuri sana wakuu.

Fundi Temeke: Kutu haichori mistari iliyonyooka, hiyo ni tupa. Na bodi ya 2021 haikutoka kiwandani na pikipiki ya 2018. Kubadili injini si kosa, ila namba mpya ingeandikishwa TRA, mamlaka ya mapato. Tazama herufi ya kumi ya namba ya chasisi: kwa watengenezaji wengi J ni 2018.

Baharia: Chai hii. Kiduara umekiona ndani ya grisi, kadi huioni? Isije kuwa wewe ndiye shemeji, unapima kama wanunuzi wanaijua hiyo alama.

Mzaramo: Aisee. Weka picha.

Kijana wa Tandika: Sijatunga. Dada yangu ana mimba ya miezi saba, nikimshtaki mumewe nyumba inavunjika, ndiyo maana kadi sikuitaja. Chasisi ni J. Nimemwambia shemeji kesho saa mbili twende TRA, hajajibu. Fundi, unaweza kuja kuikagua?

Fundi Temeke: Nakuja. Beba tochi, petroli kidogo na mswaki wa zamani, tusafishe hapo kwenye namba.