Mavazi ya baridi kali kwa watoto wa mwaka 1 na nusu na miaka 4: ninunue mtumba Njombe au nisubiri Winnipeg?

Mama Upendo, Njombe

Habari zenu ndugu zangu. Mungu akipenda, mwezi wa kwanza mimi na watoto wangu wawili tutamfuata baba yao anayesoma Winnipeg, Kanada. Mkubwa ni wa kike, ana miaka 4 na ataanza chekechea mara tu tukifika. Mdogo ni wa kiume, ana mwaka 1 na nusu, anatembea vizuri lakini bado anavaa nepi. Sisi wa Njombe tumezoea kuona umande umeganda shambani mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo neno baridi halikuwa likinitisha, mpaka mume wangu aliponieleza kwamba usiku wa Januari huko hupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwamba watoto wa chekechea hutolewa nje kucheza katika msimu huohuo.

Hapa mnadani majaketi mazito ya watoto ya mtumba yamejaa na bei yake inavumilika, na mama mkwe ameshawafumia wajukuu wake sweta na boshori. Naomba mnishauri: nijaze sanduku hapahapa, au nibebe fedha ninunue huko? Na je, koti zito kuliko yote ndilo lenye joto kuliko yote?

Mama Rehema, Winnipeg

Karibu sana, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowapotosha wazazi wengi wanaotoka kwetu. Mtoto hapati joto kutokana na uzito wa koti. Joto ni la mwili wake mwenyewe, na kazi ya nguo ni kuizuia hewa iliyopashwa na mwili isitoroke. Hewa hiyo hukaa katikati ya nguo moja na nyingine, na ndiyo maana nguo tatu nyepesi zinazopishana vizuri humfaa mtoto kuliko koti moja zito lililovaliwa juu ya fulana.

Nguo inayogusa ngozi ndiyo ya kuichagua kwa makini zaidi, na hapo usiweke pamba. Mtoto akikimbia hutoka jasho hata kwenye theluji, na pamba ikishalowa hukaa na maji, kisha humpoza anaposimama. Tafuta fulana ya mikono mirefu na taiti za sufu laini au za poliesta, ziubane mwili kidogo. Juu yake huja nguo ya kuhifadhi joto, yaani flisi (nguo ya kitambaa laini chepesi chenye manyoya mafupi) au sweta ya sufu. Sweta za bibi zitapata kazi hapo, mradi zisiwe nene kiasi cha kumfanya mtoto ashindwe kukunja viwiko. Ya tatu ni ovaroli ya theluji au koti na suruali yake, vyenye kitambaa kisichopitisha upepo wala maji.

Kuhusu ununuzi, mimi ningechukua flisi, sweta za sufu na soksi za sufu hapo mnadani, kwa kuwa ukizishika tu unajua kama ni nzima. Viatu na nguo za nje ningeviacha. Majaketi mengi yanayofika huko yametengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi ya kawaida, na utando wa ndani unaozuia maji mara nyingi umeshabanduka. Geuza koti ndani nje, na ukiona vipande vyeupe vinapukutika, liache. Huku pia mitumba ipo, tena ya mtaani kwa watu waliokwishaishi na baridi hii, na watoto wadogo hukua kabla hawajazichakaza nguo. Bebeni tu cha kuwafikisha nyumbani kutoka uwanja wa ndege, na baba awe ameshanunua ovaroli na viatu.

Mwalimu wa Chekechea, Turku, Ufini

Shikamooni wakubwa, na wengine habari. Nafanya kazi na watoto wa umri huohuo, nami ningependa kuongeza jambo ambalo mzazi huliona dukani mara chache: mtoto wa chekechea anavalishwa akiwa na wenzake wengi, kwa hiyo nguo anayoweza kuivaa mwenyewe ina faida kubwa kuliko nguo nzuri inayohitaji mtu mzima wa kuifunga. Kabla ya kununua, mvalishe glavu zake kisha umwombe aivute zipu. Akishindwa, funga kipande cha utepe kwenye kishikio cha zipu na umjaribishe tena.

Koti unaweza kuanza kumfundisha hata sasa, huko Njombe. Litandaze sakafuni likiwa wazi, kofia yake ikimwelekea yeye miguuni. Ainame, aingize mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, kisha alirushe juu ya kichwa. Litamwangukia mgongoni likiwa limekaa sawasawa, naye atacheka na kutaka kurudia.

Kwa mdogo, ovaroli ya kipande kimoja ni bora, kwani theluji haina pa kuingilia hata akikaa chini au akijiviringisha. Kwa binti wa miaka 4 anayekwenda chooni mwenyewe, mimi napendekeza koti na suruali yenye mikanda ya mabegani, maana haja ya mtoto haisubiri zipu ndefu. Angalia suruali iwe na mpira mpana unaopita chini ya kiatu, vinginevyo itapanda juu na theluji itaingia kwenye soksi.

Glavu zichague za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake. Vidole vikigusana hupashana joto. Ziwe na shingo ndefu, na kwa mtoto mdogo zivalishwe kabla ya koti ili mkono wa koti uzifunike. Weka jozi ya pili kwenye begi kila siku, kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya mchana.

Na viatu, tafadhali, visibane. Watu huvisha soksi mbili nene ndani ya buti la kumtosha kabisa, mguu unakosa nafasi ya hewa, damu haipiti vizuri, na mtoto analia baridi akiwa na soksi mbili. Soksi moja ya sufu na nafasi ya kama sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya vidole inatosha. Pendelea buti ambalo bitana yake ya ndani hutoka, ili ukaikaushe usiku.

Baba Imani, Edmonton

Mama Upendo, mimi ni mtu wa Bukavu ambaye watoto wake wote wamekulia huku. Naafikiana na waliotangulia, isipokuwa kwamba mimi hata kwa mtoto wa miaka 4 ningebaki na ovaroli ya kipande kimoja kwa majira ya kwanza, kwa sababu koti fupi hupanda juu mtoto anapoteleza kwenye mteremko, na kiuno chote huwa wazi. Lakini hilo ni la kuamua wewe na binti yako.

Lisilo na mjadala ni gari. Mtoto asifungwe mkanda wa kiti chake akiwa amevaa ovaroli nene au koti la kuvimba. Ajali ikitokea nguo husinyaa, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Wizara ya usafiri ya Kanada pia inaonya hivyo. Jaribu mwenyewe: mfunge akiwa na koti, mtoe bila kugusa urefu wa mkanda, mvue koti, kisha mfunge tena. Ukiweza kubana mkunjo wa mkanda begani kwa vidole viwili, koti hilo halifai garini. Avae flisi, afungwe, ndipo umfunike blanketi juu ya mkanda. Siku ya kuwasili mwambie mumeo alipashe gari joto kwanza na aje na mablanketi mawili.

Skafu pia ziache. Skafu na kamba za kofia hunasa kwenye bembea na kumkaba mtoto; boshori la mama mkwe linalofunika masikio na shingo linashinda skafu yoyote. Na baridi ina mpaka wake hata kwa aliyevaa vizuri: Chama cha Madaktari wa Watoto cha Kanada kinashauri watoto waingizwe ndani joto likishuka chini ya nyuzi 25 chini ya sifuri, au kipimo kinachojumlisha upepo kikifika 28 chini ya sifuri, kwa kuwa ngozi iliyo wazi huanza kuganda. Mtoto wa kwenye kigari hapati joto la kukimbia, kwa hiyo huyo mwongezee blanketi na umrudishe mapema zaidi.

Mama Upendo, Njombe

Asanteni sana, mmenitoa gizani. Swali moja la mwisho: nitajuaje kama mdogo anasikia baridi ilhali hajaweza kusema?

Mama Rehema, Winnipeg

Ingiza vidole vyako nyuma ya shingo yake, chini ya kola, lakini upashe mkono wako kwanza. Pakiwa pakavu na pana joto, yuko salama hata kama mikono yake ni ya baridi kidogo. Pakiwa na jasho, mpunguzie flisi. Pakiwa pa baridi, au ukiona ncha ya pua, masikio au vidole vimepauka, ingia naye ndani, mvue vilivyolowa, upashe mahali hapo kwa joto la mwili wako bila kusugua. Rangi isiporudi, mpeleke kwa daktari.

Unitafute mkifika. Nina ovaroli ya kijana wangu iliyomwacha, nayo haijatoboka popote.